Jioni Niliyoingia Jikoni kwa Mama Mkwe

Siku mliponiaga kazini, kati ya keki na hotuba, mmoja wenu aliuliza kama ule upinde unaoning'inia stoo, juu ya madumu ya dawa ya kuogesha ng'ombe, ulishawahi kutumika au ni pambo tu. Nilimwambia nitaandika, kwa sababu jibu lilikuwa refu na soda zilikuwa zimekwisha. Haya basi. Atakayetafuta humu habari za vyeo na mishahara hatazipata. Cheo changu kilibadilika mara mbili tu, na mara zote mbili mimi ndiye niliyepata habari mwisho.

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, nikijua kwamba nitatibu ng'ombe, lakini upande wa ng'ombe ulikuwa umejaa. Wakanipeleka kwa Mzee Egesa, mdhibiti wa wanyama waharibifu, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu aliyoivaa jua likiwaka na mvua ikinyesha. Aliitazama tai yangu, akauliza kama tumbili wa Kiyeyi wameshaarifiwa kwamba ninakuja. Kisha tukapanda baiskeli kwenda huko Kiyeyi, ambako tumbili walikuwa wanamaliza mahindi ya watu. Jioni tuliporudi, tai ilikuwa inafunga mzigo nyuma ya baiskeli, na sikuidai tena.

Mzee Egesa hakunifundisha darasani. Alinifundisha kwa swali moja, mchana kutwa: "Huyu kilo ngapi?" Mbwa akipita, kilo ngapi? Ndama je? Gunia la muhogo mkavu? Sokoni alikuwa akiomba wenye mbuzi wamruhusu kuwapandisha kwenye mizani, ili nione nimekosea kwa kiasi gani. Kwanza nilikosea kwa aibu, kisha nikakosea kidogo. Alinikataza kutazama tumbo, kwa kuwa tumbo hudanganya. Tazama kifua nyuma ya miguu ya mbele, alisema, na nyayo ardhini. Tabia hiyo iliniingia mpaka nikaanza kuwapima watu kwa macho wakati wa ibada, jambo ambalo mke wangu hajalipenda hadi leo.

Sababu ya kupima ilikuwa upinde wenyewe. Ni upinde mfupi wa chuma uliolazwa juu ya kitako cha mbao kama cha bunduki. Una kifyatuo, na kamba yake huvutwa kwa mikono miwili huku umeukanyaga kwa mguu. Haukurusha mshale. Ulirusha sindano yenye manyoya mkiani, ndani yake dawa ya usingizi. Mnyama aliyepotea, aliyenaswa au aliyeumia, unamlaza, unamhudumia, unamwamsha, anaenda zake. Mlioukuta mwisho wake mtasema mbona hatukutumia bunduki. Bunduki ikilia karibu na Busia, hapa mpakani, huamsha askari wa nchi mbili, na kila mmoja anataka kujua aliyefyatua ni wa upande gani. Upinde hutoa sauti ya mtu aliyepiga gunia kofi. Kamba yake hupakwa nta ya nyuki kila wiki, hata kama haujatumika. Umbali ni hatua ishirini, ikizidi hapo unamchokoza tu. Lenga paja. Ukishapiga, kaa chini, usimkimbize, maana akikimbizwa dawa hushindana na hofu na hofu hushinda. Akiachwa, hutembea kidogo, husimama kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha huketi.

Dawa ikizidi, anakufa. Ikipungua, anaondoka na dawa mwilini, na hujui atafikia wapi. Ndiyo maana siku Mzee Egesa aliponikabidhi upinde na kwenda kulima kwake Nabuyoga, hakuniambia nifanye kazi kwa bidii. Aliniambia, "Usijaze sindano kwa macho ya mtu mwingine."

Nililishika neno hilo miaka sita. Mwaka wa saba nikaliacha jioni moja, tena nyumbani kwangu.

Ninakaa Lumino, kama mjuavyo. Mwaka huo mke wangu alilima muhogo na viazi vitamu nyuma ya nyumba, bega kwa bega. Kukaanza kuja mgeni jioni jioni, saa moja kasoro, na asubuhi tukawa tunakuta majani yameliwa. Nyayo zilikuwa za pongo, swala wa vichakani. Mke wangu alikasirika. Mimi nilichunguza, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo halikukaa sawa. Pongo na majani ya viazi ni kama mtoto na sukari, ila huyu alikuwa anayakanyaga majani ya viazi na kula ya muhogo, yaliyo juu. Hakuna jani hata moja lililoliwa chini ya magoti yangu. Nilizunguka shamba lile siku tatu nikijiuliza ni mnyama gani anayekataa chakula kizuri kilicho miguuni pake.

Siku ya nne nilikaa nyuma ya choo chetu, mahali pekee penye kificho, nikamwona. Alikuwa dume, na shingo yake imesimama wima kama ya askari gwaride. Akijaribu kuinama, anarudi juu ghafla. Nilipowasha tochi niliona waya wa breki ya baiskeli umemzunguka shingoni na kuzama kwenye nyama. Alikuwa amenaswa na mtego, akaukata, akaondoka na kitanzi. Hakuweza kula cha chini, na bila shaka kunywa maji kulikuwa mateso. Kichwa tu na mgongo ndivyo nilivyoviona, kisha tochi ikamshtua akatoweka kwenye muhogo.

Sasa sikilizeni vizuri, kosa liko hapa. Ng'ambo ya Mto Sio, upande wa Kenya, nilikuwa na rafiki anaitwa Wafula, anayefanya kazi kama yetu. Nilimpigia simu, akasema pongo huyo anamjua, amemwona mchana kweupe kwa darubini siku mbili zilizopita, mwili mzima, ubavu wote. Nikamuuliza ana uzito gani. "Si mkubwa hivyo, boss," akasema. "Ni kama mbuzi dume mmoja. Hazidi."

Mbuzi dume wa kwetu Usamia, mfupi yule wa kufungwa kamba uani, ni kilo ishirini na tano. Nikajaza sindano ya kilo ishirini na tano, nikamshukuru Wafula. Sikufikiri kwamba mbuzi anaowaona yeye kila Jumanne mnadani ni wale weupe wanaoletwa kwa malori kutoka kaskazini, ambao mgongo wao unafika kiunoni kwangu. Baadaye alinichukua akanionyesha mmoja. Alipandishwa kwenye mizani akafika hamsini na moja, na alikuwa akinitazama kana kwamba mjinga ni mimi, na alikuwa na haki. Nyayo za shambani kwangu zilikuwa zimeniambia hivyo hivyo siku tatu. Lakini nilikuwa nimejaza sindano kwa macho ya mtu mwingine.

Siku ya tano mke wangu aliwapeleka watoto kwa dada yake. Nilirudi nyuma ya choo nikiwa na upinde, koleo la kukatia waya, tochi na sindano ya kuamshia. Jua lilikuwa limeshuka ila mwanga ulikuwepo. Alikuja kwa wakati wake. Nilimpiga kwenye paja, hatua kumi na nane, pigo safi, na nikajisifu kidogo. Kisha nikakaa nikasubiri.

Alitembea, akasimama. Nikasema sasa ataketi. Hakuketi. Alinyoosha miguu ya mbele, akatikisa kichwa, akaanza kwenda, akiyumba kama mtu anayetoka kwenye pombe ya msiba, akateremka kuelekea kijito. Hapo ndipo nilipouona mwili wote kwa mara ya kwanza, kifua na kila kitu. Macho yangu yalisema kilo hamsini.

Nilimfuata taratibu, nisimtishe, na taratibu hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilipofika kijitoni, kazi ilikuwa imeshafanywa na mtu mwingine. Majani yamelala, damu mbichi, utumbo bado unatoa mvuke. Pembeni kulikuwa na sindano yangu yenye manyoya mekundu, imetupwa kama kitu kisicho na maana, na waya wa breki umekatwa.

Ninyi mnajua, lakini wanaosoma bila kujua niwaambie: nyama yenye dawa ile hailiwi. Dawa haifi motoni. Inakaa kwenye mnyama, zaidi kwenye ini, na mtu akila anaweza kulala na pumzi ikasahau kuendelea. Kosa langu lilikuwa limetoka kwa pongo likaingia chunguni kwa mtu, na jua lilikuwa limezama, wakati ambao kila nyumba ya Lumino inapika.

Nilifuata matone ya damu na nyayo za mtu aliyebeba mzigo mzito. Zilipanda mlima mdogo, zikapita mkonge, zikaingia kwenye lango ninalolijua. Ni boma la mama mkwe wangu.

Lazima niseme jambo la kwetu hapa. Mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kando mpaka mwenzake apite. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kumi na moja, na mama yule nilimjua kwa mgongo na sauti. Nikimpelekea sukari, naiacha langoni. Huo si uadui. Ndivyo tunavyoheshimiana, na nilijivunia kwamba sijawahi kukosea.

Langoni nilimkuta Ojambo, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwanamume wa miaka thelathini, anaosha panga kwenye karai. Aliponiona akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimevaa sare, na pongo ni mnyama wa serikali, kwa hiyo nilimwelewa.

"Shemeji, hii ni mbuzi tu," akasema.

Nikamwambia sikuja kumkamata. Nikamwambia mnyama yule nilimdunga dawa mimi mwenyewe, na atakayeila nyama atakufa. Labda nilizidisha, ila sikuwa na muda wa kusema huenda. Panga likamponyoka.

"Nyama bado iko kwa moto," akasema. "Watoto nangojea. Lakini ini nimechomea mama. Mama nakula saa hii."

Nilisimama kwenye mlango wa jiko lile. Naandika ukweli: nilisimama. Kwa mtu anayezama mtoni nisingesita hata sekunde moja, lakini kizingiti kile kilinisimamisha. Kisha nikainama nikaingia.

Wajukuu wanne walikuwa wamekaa ukutani na sahani tupu. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda kando ya mafiga, na kiganjani amebakiza kipande cha ini kidogo kuliko kidole gumba. Nilikichukua mkononi mwake. Kisha nikashika chungu kwa kitambaa chake, nikakitoa nje nikakimwaga kwenye shimo la majivu, na Ojambo akafukia. Niliporudi, bibi yule alikuwa amejifunika uso kwa kanga, na watoto wamekodoa macho kama wameona jini.

Nikamwambia kila kitu, nikitazama mafiga. Akauliza kama kiasi alichokula kinatosha kumuua. Nikasema sijui. Nikapiga simu kituo cha afya. Muuguzi aliyepokea alikuwa mtulivu. Alisema tusimtapishe, asilale, tumlete haraka, na mpaka usafiri upatikane nimtazame pumzi na mboni za macho kila dakika chache. Akauliza umri. Nikasema sabini. Akauliza uzito.

Nilimtazama mama mkwe wangu, kwa mara ya kwanza maishani, mabegani na kifuani, kwa jicho la Mzee Egesa. "Kilo hamsini na nane," nikasema.

"Hamsini na sita," ikasema kanga. "Nilipimwa kwenye mizani ya mahindi."

Nilikuwa nimezidisha mbili. Nikamsahihishia muuguzi.

Ojambo alikimbilia barabarani kutafuta pikipiki. Mimi nikachuchumaa na tochi. Nikamwomba mama aondoe kanga. Akaiondoa. Nikaona uso ambao mke wangu ameurithi karibu wote, isipokuwa kovu dogo juu ya nyusi. Macho yalikuwa mazito kidogo. Pumzi ilikuwa sawa. Nilimwambia asilale, anisemeshe chochote. Alikuwa anazungumza Kisamia, nami nakiandika kwa Kiswahili, lakini maneno ni yake.

"Huyo mnyama mnapomlaza," akasema, "huwa anaota?"

Nikasema nimeona miguu ikichezacheza, kama anakimbia.

"Basi anaota. Anaota nini?"

"Sijui, mama."

"Miaka yote hiyo hujachunguza?"

Akauliza kwa nini nilikaa nyuma ya choo na si juu ya mti. Nikamweleza habari ya hatua ishirini. Akauliza nilijuaje kwamba mnyama ana waya kabla sijauona, nami nikamweleza habari ya majani ya muhogo na ya viazi. Hapo macho yake, yaliyokuwa yanafunga, yakafunguka. Akasema mume wake marehemu hakuwahi katika maisha yake kuona jani limeliwa wapi. Nilimwuliza kovu ni la nini. Akaniambia, na alipofika mwisho tulikuwa tunacheka wote wawili, nami nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kazini. Nilimpenda mama yule jioni ile. Nasema wazi kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kunicheka.

Kisha ulimi ukaanza kumlemea. Maneno yalipungua. Nikawa namuuliza majina ya wajukuu, anayataja, anamruka mmoja, namrudisha. Pikipiki ilipofika hakuweza kukaa peke yake. Ojambo ni mwembamba, angemwangusha. Kwa hiyo dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemshika kiunoni kwa mikono miwili, kichwa chake kifuani kwangu. Tulipita katikati ya Lumino taa za maduka zimewashwa na watu wote wako barabarani. Mama muuza samaki aliacha kupepea moto. Njia nzima nilimwambia sikioni, "Mama, usilale," naye mara moja moja akijibu, "Nimesikia."

Walimwekea maji ya mshipani na kumtazama pumzi. Kabla ya saa tatu muuguzi alitoka akasema ametaka chai na amelalamika kwamba haina sukari. Niliketi kwenye benchi la nje nikalia. Dereva wa pikipiki aliniletea maji.

Ripoti niliiandika kesho yake, kosa langu likiwa mstari wa kwanza. Wafula aliomba jina lake liandikwe pia, nikamkatalia, kwa sababu yeye alisema kweli kuhusu mbuzi wake. Tangu hapo katika ofisi hii uzito huandikwa kwa kilo, na aliyejaza sindano ndiye aliyemwona mnyama. Sheria hiyo mmeikuta ukutani. Sasa mnajua ilitoka wapi.

Lakini kijijini kulikuwa na ripoti nyingine. Wazee wa ukoo wa mke wangu waliitana. Walisema nimeokoa mtu, asante, ila nimeingia jikoni, nimemtazama mama mkwe machoni, nimemkumbatia mbele ya soko zima, na jambo kama hilo haliachwi hivi hivi. Kuna waliotaka kondoo wa kutakasa. Kuna mmoja aliyesema mke wangu arudi kwao mpaka shauri likatwe, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Wakamwita mama mkwe aeleze ilivyokuwa. Mimi nilikuwa nje ya ua, mahali pangu.

Akasema jioni ile alikula ini, akashikwa na usingizi palepale. Hakuona aliyeingia jikoni. Hakusemeshwa na mtu. Hajui nani alikuwa nyuma kwenye pikipiki. "Mtu aliyelala hana mkwe," akasema. "Mnaniuliza nini?"

Wazee walitazamana. Wajukuu wanne walikuwepo, walisikia kila neno tulilosema jikoni, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Muuza samaki naye alikuwepo. Shauri likaishia hapo, wakanywa chai, na mke wangu akabaki nyumbani kwangu.

Na kwa kuwa hakuona, mambo yalirudi kama yalivyokuwa. Nikimpelekea sukari, naiacha langoni. Nimetamani mara nyingi kumwambia mambo niliyoyachunguza baadaye, maana hakuna aliyewahi kuniuliza maswali kama yeye. Sikupata nafasi, wala sikuitafuta. Angelazimika kukiri kwamba alikuwa macho.

Wiki iliyopita nilikuwa naenda sokoni mchana, mkono mtupu, mstaafu kamili. Kwenye kona nikaona kanga mbele yangu inageuka, inaingia shambani mwa watu, na mahindi yanafunga nyuma yake. Kwa desturi nilitakiwa kupita haraka. Nikasimama. Nikayauliza mahindi kama ni wazima.

"Wazima, ila magoti," mahindi yakajibu. Kisha yakaendelea: "Nasikia umeacha kazi. Sasa utakuwa unapita njia hii kila siku?"

Nikasema ndiyo, sina pengine pa kwenda.

"Basi itabidi nianze kupita hapa mapema," yakasema mahindi, "nikutangulie kuingia humu, nikusubiri na maswali yangu."